Nani Amlishe Mwigizaji wa Karagwe?

Mwezi Novemba 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika, Omukama wa Karagwe. Speke alikuwa akikitafuta chanzo cha Mto Nile. Hata hivyo, kitabu alichochapisha mwaka 1863 kina kurasa kadhaa zisizohusu mto wowote. Zinahusu sherehe ya mwezi mwandamo: ngoma zaidi ya 30 zimepangwa chini kwa mstari, nyuma ya kila ngoma amesimama mpigaji wake, na wakuu wa nchi wamekusanyika mbele ya mfalme. Aliandika pia juu ya wapigaji wa nanga, ala ya muziki yenye nyuzi, akahesabu hata nyuzi zake.

Tukio hilo lilihitaji watu wa kulibeba. Kuna aliyechonga mizinga ya ngoma, aliyetoa ngozi, aliyewafundisha vijana mapigo na aliyewapikia ndizi siku ya shughuli. Historia ya sanaa za jukwaani katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa inaanzia hapo, kwenye mikono isiyoonekana jukwaani, na ndiyo sababu toleo hili halikuanza kwa kuuliza kama eneo hili lina waigizaji. Wapo. Swali la toleo hili ni nani anawaweka hai.

Nje ya ikulu, jukwaa lilikuwa ua wa nyumba. Msomi Mugyabuso Mulokozi, aliyewasilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya tendi za nanga za Wahaya mwaka 1986, alionyesha jinsi mtambaji wa tendi hizo anavyofanya kazi: anapiga nanga, anaimba, anasimulia, na ndani ya usiku mmoja anakuwa shujaa, anakuwa adui, anakuwa mama anayelia. Wasikilizaji hawakai kimya. Wanadakia, wanashangilia, wanamhimiza. Wanyambo wa Karagwe ni jirani na ndugu wa Wahaya kwa lugha na kwa desturi, na nanga ni yao pia. Anayesema kwamba tamthilia ililetwa mkoani Kagera na shule za wamisheni hajamsikiliza mpiga nanga mpaka alfajiri.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, na ikulu ikaacha kuwa mlezi wa wasanii. Mahali pake palichukuliwa na dola. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ngonjera za Mathias Mnyampala na wafuasi wake zilienea mashuleni. Mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Faida ilikuwa kubwa, maana mtoto wa mkulima aliweza kupanda jukwaani bila kuzaliwa karibu na ikulu. Hasara yake ilionekana baadaye. Sanaa ilizoea kuitwa kwa barua: kiongozi anakuja, kikundi kiandaliwe, kiongozi kaondoka, kikundi kikalale.

Kisha ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi mkoa huu ulizika vijana wake kuliko ulivyoweza kusema. Maigizo yalisaidia kusema. Vikundi vya vijana vilisimama sokoni na viwanja vya shule, vikaigiza mambo ambayo baba na binti wasingeweza kuzungumza wakiwa wamekaa pamoja. Mtafiti Ola Johansson, aliyeifuatilia kazi hiyo Kagera na Mtwara na kuiandikia kitabu mwaka 2011, aliiona nguvu yake na aliuona pia udhaifu uliokuwa nje ya uwezo wa waigizaji: vijana walifichua yanayowasibu, lakini waliokuwa na mamlaka hawakuyabeba yaliyofichuliwa.

Hapo pana jeraha ambalo halijapona. Fedha nyingi za maigizo ya aina hiyo zilitoka kwa wafadhili, na mfadhili huja na ujumbe wake, ratiba yake na tarehe yake ya kufunga. Mradi ukiisha, posho na nauli vinaisha, na kikundi kinasambaratika. Waigizaji hawakosi kipaji wala moyo. Wanachokosa ni mtu wa hapo mtaani anayejiona amepungukiwa kikundi kinapokufa.

Tanzania iliwahi kuonja njia nyingine. Mwaka 1982 na 1983, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, wilayani Kwimba, bila mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, na tatizo lililojitokeza ni mimba za wasichana wa shule. Maigizo yalitengenezwa na wenyeji wenyewe, kwa ngoma zao, ikiwemo wigashe inayochezwa watu wakiwa wamekaa, na baada ya onyesho mjadala uliendelea palepale. Mlama alisimulia kazi hiyo katika kitabu chake cha 1991 juu ya utamaduni na maendeleo. Malya ilikuwa na vikwazo vyake, lakini mtazamaji alikuwa na sauti kabla pazia halijafunguliwa, na hilo ni jambo kubwa.

Mfano mkali zaidi uko Kenya, Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru. Huko wafanyakazi wa mashamba, wakulima na wasio na kazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu wapatao 2,000. Mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ulifanyiwa mazoezi hadharani, na wanakijiji waliusahihisha: mzee hasemi hivyo, kiwandani hatufanyi hivyo. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Serikali ikaufungia Novemba. Mwaka 1982 polisi walikuja na kuubomoa ukumbi wenyewe. Kikundi cha kukodiwa kinaweza kunyimwa kibali tu kikanyamaza. Kamĩrĩĩthũ ilibidi ivunjwe mbao kwa mbao, kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa na mkono wake ndani yake.

Karagwe na Kyerwa zina nyenzo nyingi za kuanzia kuliko inavyodhaniwa. Kahawa ipo, na vyama vya msingi vya wakulima vipo chini ya KDCU, chama kikuu ambacho kwa miaka mingi kimeuza kahawa kupitia biashara ya haki. Biashara hiyo hutoa nyongeza ya bei kwa ajili ya jamii, na wanachama ndio huamua itumike wapi. Madarasa na zahanati ni haki zitangulie. Lakini jukwaa la saruji lenye paa la bati halishindani na zahanati kwa gharama, na wanachama wana haki ya kuliweka mezani kwenye mkutano mkuu bila kuonewa haya.

Halmashauri nazo hutenga, kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana hufikiria bodaboda na ufugaji wa kuku. Kikundi cha maigizo chenye spika, mavazi na mikataba ya harusi nacho ni mradi, na maafisa maendeleo ya jamii na maafisa utamaduni wangekisaidia kuandika andiko linalokubalika. Redio ya jamii FADECO iko Karagwe. Mchezo uliopendwa mjini Kayanga unaweza kusikika kwa mtu aliyeko shambani.

Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, bado inajenga miji yake. Nkwenda na Isingiro zinakua, na viwanja vinapimwa sasa. Kiwanja cha ukumbi kikisahauliwa leo, baada ya miaka 10 kitakuwa kimeshauzwa kwa maduka. Wajumbe wa kamati za mipango miji wanaosoma toleo hili wanaombwa jambo moja kwenye kikao kijacho: waulize ukumbi wa wananchi umechorwa wapi kwenye ramani, na kama haujachorwa, nani atauchora.