Sindano ya Saa 12 Asubuhi

Mgonjwa aliyeandikiwa sindano ya saa 12 asubuhi akachomwa saa 11 ana haki ya kuuliza kulikoni. Jibu analolipata mitaani ni kwamba muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa anawahi kwenda nyumbani. Wapo wanaofanya hivyo, na hao washughulikiwe. Lakini kwa sehemu kubwa, huduma inayotangulia saa yake huletwa na hesabu isiyokubali. Tuchukue wodi yenye wagonjwa 30 wa sindano na muuguzi mmoja. Kila mmoja akimchukua dakika 4, zoezi zima ni saa 2. Akianza saa 12 kamili, wa mwisho atafikiwa saa 2 asubuhi, wakati zamu nyingine imeshaingia na raundi ya daktari inakaribia. Akianza saa 11, nusu ya wodi itapata dawa kabla ya wakati na nusu baada yake. Saa 12 kamili iliyoandikwa kwenye kadi haimfikii karibu mtu yeyote.

Na dakika 4 ni makadirio ya huruma. Artesuneti, sindano ya malaria kali, huja ikiwa unga. Muuguzi anauyeyusha kwanza kwa bikaboneti, anasubiri uwe maji maang'avu, anaongeza maji ya dripu, kisha anavuta kipimo kwa uzito wa mgonjwa. Mtoto wa chini ya kilo 20 ana kipimo chake. Dawa ikishachanganywa haiwekwi hadi baadaye. Wodi ya watoto ikijaa msimu wa mvua, muuguzi huyo huyo ndiye anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyepungukiwa damu huku mama wa kitanda cha pili akimwita kwamba dripu imekata.

Simiyu ni mahali pa kulitazama jambo hili kwa makini. Mkoa ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497, ongezeko la zaidi ya theluthi katika miaka 10. Shirika la Afya Duniani limewahi kuweka kigezo cha madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000. Kwa watu wa Simiyu hiyo ni zaidi ya 9,500, idadi ambayo mkoa uko mbali nayo sana. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyojengwa Nyaumata, mjini Bariadi, ni hatua kubwa kwa mgonjwa wa Meatu au Itilima ambaye zamani angefikiria safari ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Ila vitanda huongezeka haraka kuliko wauguzi, maana stashahada ya uuguzi peke yake ni miaka 3, na baada yake bado kuna kusubiri kibali cha ajira.

Atakayepinga atasema dawa ni dawa, na muda ni sehemu ya dozi. Kwa baadhi ya dawa yuko sahihi kabisa. Mama mwenye kifafa cha mimba anayechomwa magnesiamu kila baada ya saa 4 hapewi dozi inayofuata mpaka muuguzi ahakikishe goti linaitika linapogongwa, anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na mkojo umefika mililita 100 katika saa hizo 4. Kuiwahisha bila vipimo hivyo ni kuhatarisha pumzi yake. Insulini nayo haitangulii chakula ambacho ndugu bado hajakileta. Lakini antibiotiki ya seftriaksoni ya mara moja kwa siku ikitangulia kwa saa 1 haimdhuru mtu. Marekani iliwahi kushikilia kanuni kwamba karibu kila dawa itolewe ndani ya dakika 30 kabla au baada ya saa yake. Taasisi ya usalama wa dawa ya huko, Institute for Safe Medication Practices, ilipowauliza wauguzi mwaka 2010, karibu 18,000 walijibu, na wengi walieleza kwamba kanuni hiyo iliwasukuma kwenye njia za mkato zenye hatari. Mwaka 2011 ililegezwa: dawa zisizovumilia kusogezwa zikabaki na dakika 30, nyingine zikaruhusiwa saa 1 au hata 2.

Wengine wataona kwamba ruhusa ya namna hiyo itafungua mlango wa uzembe. Mimi naona mlango uko wazi tayari, na kinachoupanua ni woga. Mahali ambapo kila tofauti ya saa ni kosa, muuguzi atachoma saa 11 na kuandika saa 12. Karatasi itapendeza, na daktari atapanga dozi inayofuata kwa saa isiyo ya kweli. Hospitali inaweza kubandika wodini orodha fupi ya dawa zisizosogezwa, ikataja muda unaovumilika kwa zilizobaki, na ikadai saa halisi iandikwe bila kumwadhibu aliyeandika ukweli. Kosa la kuchukuliwa hatua liwe kuandika saa ya uongo. Njia ya WISN, ambayo Tanzania imeitumia kukadiria mahitaji ya watumishi, hujengwa juu ya muda ambao kila kazi inachukua. Mganga mfawidhi wa Simiyu anayeomba wauguzi zaidi, akiwa na kadi zinazoonyesha dawa zote zimetolewa saa 12 kamili kila siku, anapeleka ushahidi kwamba wodi yake haina upungufu wowote.