Chati Yako Imekodishiwa Chumba Wapi?

Umewahi kufika kwa daktari ukaambiwa, "Ngoja kidogo, hakuna netiweki"? Mimi niliyasikia hayo katika zahanati moja ya kibinafsi huko Kangeta, Meru, mji ambao jina lake limekuwa jina la aina ya miraa. Mama mmoja alitaka kuendelea na dawa za presha alizoandikiwa mwezi uliotangulia. Muuguzi alimjua vizuri, lakini chati yake hakuwa nayo. Chati ilikuwa mbali.

Siku hizi zahanati hazina haja ya kununua mashine ya kuhifadhi rekodi. Hukodi. Kampuni yenye tarakilishi kubwa huigawanya kwa programu ikawa kama seva nyingi, kila mpangaji na kufuli yake, na kodi hulipwa hata kwa saa. Hilo ndilo "wingu", ingawa halielei popote. Ni majengo yaliyo mahali. Microsoft ilifungua yake Afrika Kusini mwaka wa 2019, Amazon ikafuata mjini Cape Town mwaka wa 2020.

Sipingi kukodi. Faili za karatasi tumeziona zikiliwa na mchwa. Lakini chumba cha kukodi kina faida gani njia ya kukifikia ikifungwa? Jumapili, Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania na kwingineko. Na huku kwetu Igembe si lazima waya ukatike baharini. Stima ikipotea yatosha!

Maoni yangu ni kwamba zahanati inayokodi seva iweke pia nakala ya chati hapo hapo, kwenye tarakilishi ndogo yenye betri. Si ndoto. KenyaEMR, programu inayotumiwa kuhudumia wanaoishi na HIV, imeendeshwa katika vituo vingi kwa seva iliyo ndani ya kituo chenyewe.

Nawe usione haya kuuliza chati yako inahifadhiwa wapi na nani anaisoma. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujulishwa data yako inatumiwa kwa nini na kuiona.

Yule mama? Aliokolewa na pakiti tupu ya dawa aliyoisahau ndani ya mkoba wake.