WALIOTUTANGULIA: Askofu Springer, mzee wa safari

Mwezi huu tunamukumbuka John McKendree Springer, mchungaji wa Metodiste kutoka Marekani. Alizaliwa mwaka 1873. Mwaka 1901 alifika Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo. Mwaka 1907 yeye na bibi yake Helen wakashika njia ya miguu, wakapita Katanga yetu, mupaka Angola.

Mwaka 1909 alitoa kitabu juu ya safari ile. Kichwa chake kinataja vitu viwili pamoja: utajiri wa madini na kazi ya Injili. Wengi walikuja kwa ajili ya shaba tu. Springer alifahamu kwamba penye shaba vijana watatoka mbali, wataacha wazee na kijiji, na watahitaji mtu wa kuwachunga.

Ndiyo maana mwaka 1910 walirudi, si kupita tena, lakini kukaa. Walitumika Kambove na Likasi. Pale Mulungwishi, kwenye njia ya Likasi na Kolwezi, masomo yalipata mizizi. Leo kuna universite ya Wametodiste. Mwaka 1936 aliwekwa askofu, akapumzika 1944. Alikufa 1963, mzee wa miaka 90.

Baba, mama, tuangalie vizuri. Shaba ya siku zile ilipanda treni, haikurudi. Masomo yamebaki. Na mushahara wa mwezi huu, utawaachia watoto wetu nini? Muongee leo jioni, watoto wakiwa pale.