Usikimbilie Kufomati!

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi (kuandika programu za watu kunanimalizia usiku wote), lakini jambo la juzi limenirudisha hapa.

Mwalimu mmoja wa Msambweni alinipigia simu. "Mwanangu, laputopu yangu imekufa. Fundi ataka kuifomati." Nikamuuliza, imekufa vipi, Mwalimu? Kumbe feni yazunguka, nembo yatokea, kisha kile kiduara kinazunguka weee mpaka unachoka. Kwenye deskitopu haifiki. Ndani mna alama za wanafunzi na picha za harusi ya bintiye, na hana nakala popote. Nikamwomba amwambie fundi asiiguse mpaka nifike.

Haya, maoni yangu ndiyo haya: huku kwetu, kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga, kufomati kumekuwa kama Panadol. Kompyuta ikiwa na virusi, fomati. Ikiwa nzito, fomati. Ikigoma kuwaka, fomati! Mimi nasema kufomati kuwe dawa ya mwisho.

Sisemi hivi kwa kujiona bora. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mjomba wangu wa Gazi aliniletea kompyuta yenye ugonjwa huo huo. Kwa kujidai mtaalamu, nikaifomati kwa saa moja. Ikawaka kama mpya. Mjomba akafurahi, kisha akauliza, "Na hesabu za kikundi ziko wapi?" Ilikuwa michango ya miaka minne ya wavuvi wenzake. Ilibidi wakae wakumbushane nani alitoa nini, na wako wawili ambao mpaka leo hawasalimiani. Mfumo endeshi unaweza kuusakinisha upya hata mara kumi. Ile michango haisakinishwi.

Mnakumbuka tarehe 19 Julai 2024? Sasisho bovu la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows duniani kote. Microsoft ilikadiria milioni 8.5. Ndege zilikwama, hospitali zilihangaika. Je, dawa ilikuwa kufomati? La. Mafundi waliingia kwa hali salama, wakafuta faili moja bovu, mashine zikawaka. Kompyuta isiyofika kwenye deskitopu huenda imekwama kwa kitu kidogo tu.

Kwa hivyo, fuata mpangilio huu:

1. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa. Izime kabisa, kisha iwashe tena. Utashangaa ni ngapi hupona hapa.

2. Windows 10 au 11 ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida huleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Jaribu kurekebisha uwashaji, kisha hali salama. Ukiingia, ondoa programu au sasisho uliloweka mwisho.

3. Ikikataa, okoa faili kwanza. Tengeneza flashi ya Ubuntu kwa kompyuta ya rafiki au saiba, iwashe mashine kwa flashi hiyo bila kusakinisha chochote, kisha nakili vitu vyako kwenye diski ya nje. Ubuntu ni bure.

4. Hapo sasa, kama hakuna lililosaidia, fomati kwa amani.

Tahadhari mbili. Diski ikilia tik-tik-tik, zima na usiendelee kujaribu, maana kila ukiwasha waweza kuimaliza. Na kama ina BitLocker, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, kabla ya msiba.

Sipigani na mafundi. Wengi ni vijana wanaojitafutia riziki, na mteja mwenyewe ndiye anayesema "fanya haraka". Lakini wewe mwenye mali, kabla hujamkabidhi mashine, muulize swali moja: "Faili zangu utaziweka wapi kwanza?" Akikosa jibu, beba kompyuta yako urudi nayo nyumbani.

Na mwalimu wetu? Nilipanda matatu hadi Msambweni, nikachomeka flashi, na kwa muda wa kama dakika arobaini alama na picha zote zikawa kwenye diski ya nje. Kurekebisha uwashaji kulikataa, hali salama nayo ikakataa. Mwishowe nikafanya nini? Nikaifomati! Naam, dawa ilikuwa ile ile ya fundi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyelia.

Leo jioni, nunua flashi, nakili vitu vyako. Umeme wetu mnaujua wenyewe.

Tuonane tena, inshallah.