Chekechea Huchaguliwa kwa Macho

Masika yanapoingia katika bonde la Kyela, swali moja husumbua nyumba nyingi za mjini: mtoto abaki na nani? Mama muuza mchele yuko sokoni tangu alfajiri. Baba yuko bandari ya Kiwira akipakia mizigo, au mpakani Kasumulu. Bibi, ambaye ndiye angekuwa mlezi, naye yumo shambani akipalilia mpunga. Aghalabu mzigo humwangukia dada wa mtoto, binti wa darasa la nne au la tano. Hukosa shule siku mbili, kisha wiki, na mwishowe jina lake hubaki tu kwenye daftari la mahudhurio. Kwa hiyo mzazi atafutaye kituo kizuri cha kulelea watoto mchana huwa anawaokoa watoto wawili kwa wakati mmoja.

Vituo hivi si vigeni. Katika miaka ya 1970 Umoja wa Wanawake ulivihimiza, na mwaka 1981 vikatungiwa sheria yake, ambayo baadaye nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kituo hupaswa kusajiliwa kwa kupitia ustawi wa jamii. Omba kuonyeshwa cheti, wala usione haya. Darasa la awali katika shule ya msingi ni jambo jingine. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ililifanya la lazima kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazilitozi ada. Mzazi asikubali kuuziwa kwa bei kubwa kile ambacho mwanawe angekipata bure jirani.

Sasa tutazame mafunzo yenyewe, maana hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Tunapenda mno kibao chenye maandishi ya Kiingereza, sare yenye tai, na mtoto wa miaka minne akariri herufi zote bila kupumua. Hayo hupendeza wageni sebuleni. Lakini kidole cha umri huo hakijakomaa kushika kalamu saa nzima, na kukariri si kufahamu. Mtoto ajuaye hesabu ni yule aliyepanga kokwa za maembe tano-tano, akazigawa kwa wenzake, akagundua kuwa moja imepungua na akagombana nazo mpaka akaielewa. Michezo ya mdako, ya kupika vyungu vya udongo, ya kuuza na kununua duka la majani, hadithi na nyimbo za duara: hilo ndilo somo. Walezi wazuri hulijua, na hawaombi radhi kwa watoto kuchafuka.

Nguvu ya watoto kufundishana haikuanza leo huku kwetu. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa umri wa miaka kama kumi walivyojijengea kijiji cha rika lao.

Kuna pia suala la lugha. Mtoto aliyezoea kuamkiwa “Ugonile” nyumbani, akitupwa ghafula katika Kiingereza, hunyamaza. Na mlezi asiye makini humwita mjinga. Mtafute mlezi atakayemwitikia kwa Kinyakyusa leo, kisha amwongoze taratibu katika Kiswahili.

Nenda ukatazame mwenyewe, mnamo saa nne asubuhi, bila kutoa taarifa. Hesabu vichwa: kiwango cha serikali kwa darasa la awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na walio wadogo zaidi huhitaji mikono zaidi. Je, mlezi anayajua majina yao? Huchuchumaa anaposema nao? Mtoto akilia, nani huinuka? Tazama maji ya kunywa yamehifadhiwaje, na kama choo kina tundu dogo lisilotisha.

Katika Kyela ongeza jambo moja. Nchi hii ni tambarare, na mito ya Kiwira, Songwe na Mbaka huishukia kutoka milimani. Uliza majirani, si mwenye kituo, maji yalifika wapi Aprili iliyopita. Kama yaligusa choo au kisima, tafuta kwingine. Chungulia mitaro na visima visivyofunikwa. Tena uliza nani huruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kama jina lake huandikwa.

Ada nayo izungumzwe mapema. Familia nyingi hapa hupata fedha wakati wa mavuno ya mpunga na kakao, si kila mwisho wa mwezi. Mweleze mwenye kituo hivyo hivyo, mkubaliane kulipa kwa mafungu, naye aandike stakabadhi. Siku ya kwanza kaa naye mtoto hadi uji unywewe, na umuage waziwazi kabla ya kuondoka, usimtoroke.