Nani amezima mlinzi wa kompyuta ya nyumbani?

Baadhi ya nyumba jijini Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, zina kompyuta mpakato moja ya familia nzima. Baba anaandikia hesabu za biashara ya dagaa, mama amehifadhi picha za kadi ya kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na jioni kijana wa sekondari anacheza gemu. Siku gemu linapogoma, kijana anafuata maelekezo ya rafiki yake na kuzima fayawoli. Gemu linakubali. Wiki zinapita, hakuna anayekumbuka kuiwasha.

Fayawoli ni programu inayokuja ndani ya kompyuta, hainunuliwi. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa getini: majibu ya kile familia ilichoomba mtandaoni yanapita, lakini mgeni asiyeitwa anaishia nje.

Umuhimu wake ulionekana Mei 2017, pale kirusi cha WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150. Kilihama kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubofya chochote, kikafunga mafaili na kudai fedha. Uingereza, inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa iliahirishwa. Wakaguzi wa serikali walieleza baadaye kuwa kusimamia vizuri fayawoli kungezikinga hospitali hizo.

Kukagua ni kazi ya dakika mbili. Kwenye Windows 10 au 11, mzazi abonyeze Start, aandike “Windows Security”, kisha afungue “Firewall & network protection”. Aina zote tatu za mtandao zioneshe “Firewall is on”. Kwenye Mac, ambako kwa kawaida huja imezimwa, afungue System Settings, Network, kisha Firewall.

Kwenye Wi-Fi ya hoteli au hosteli, kompyuta ikiuliza aina ya mtandao, achague “Public”. Programu inayoaminika ikizuiwa, iruhusiwe hiyo peke yake. Ulinzi wote usizimwe.

Hata hivyo, fayawoli haichuji picha zisizomfaa mtoto, wala haimwokoi aliyebofya kiungo cha tapeli au kuchomeka flashi yenye virusi. Kompyuta isasishwe, na nakala za nyaraka muhimu zitunzwe pembeni.

Kijana naye asigombezwe. Aelezwe kuwa kadi ya kliniki ya mdogo wake imo humo. Akijua hilo, safari ijayo atauliza kabla ya kuzima.