Pinga: aliyekuwa bwana au bibi akitisha kutoa siri zako, sheria inasema nini?

Ndoa ikivunjika, vyombo vinagawanywa, watoto wanazungumziwa, mahari inadaiwa. Siri hazigawanywi. Kila mmoja anaondoka na za mwenzake zote: picha zilizobaki ndani ya simu, dawa anazokunywa, mimba iliyotoka, baba halisi wa mtoto, ndugu aliyeingia porini. Kisha siku moja inaingia sauti ya WhatsApp: "Kama haunirudishie mahari yangu, nitakutosha mu ma-groupe yote."

Hapa Pinga, kati ya Masisi na Walikale, maneno kama hayo si ya kuchekesha. Mji huu ulipiganiwa na watu wa Sheka na wale wa APCLS mwaka 2012 na 2013, kisha ukakaa muda mrefu mikononi mwa NDC-R ya Guidon. Mahali kama hapo, kusema tu kwamba fulani alikuwa anapikia kundi fulani kunaweza kumuua mtu. Picha ya uchi inaleta haya. Jina la upande unaleta kaburi. Kwa hiyo tisho la mume wa zamani, au la bibi wa zamani (nao wako), sherti lichukuliwe mapema, wakati bado ni tisho.

Wengi wananyamaza kwa sababu moja: jambo lenyewe ni la kweli. "Nitashitaki namna gani, na ni kweli nilifanya?" Hapo njo watu wanakosea sana. Kitabu cha sheria ya makosa cha Kongo, katika kifungu cha 74, kinaadhibu yule anayemtajia mwenzake, hadharani na kwa nia mbaya, jambo kamili linaloweza kumvunjia heshima au kumfanya adharauliwe na watu. Adhabu ni kifungo cha siku 8 mpaka mwaka 1 na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Kifungu hicho hakiulizi kama jambo ni la kweli ao ni la uongo. Hakiulizi pia kama talaka ilitolewa na mahakama ya amani au kama ni familia tu zilizoachanisha watu nyumbani, jambo ambalo kwetu ni la kila siku. Zaidi ya hapo, Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya siri na ya mawasiliano yake.

Lakini kifungu cha 74 kinangoja siri itoke. Na kabla? Hapa sheria ina tundu, heri kulisema wazi. Vifungu vya matisho, 159 na 160, vinahusu matisho ya kumshambulia mtu au mali yake vikali, kama kuua au kuchoma nyumba. "Nitaonyesha picha zako" peke yake haingii humo kwa urahisi.

Mambo yanageuka pale mwenye kutisha anapotaka kitu. Na karibu kila mara anataka kitu: pesa, shamba, mbuzi, au sahihi. Kunyang'anya kwa matisho ni kosa la kifungu cha 84, na adhabu yake ni miaka 5 mpaka 20. Kifungu hicho kinataja pia sahihi inayopatikana kwa matisho. Mwanamke anayelazimishwa kutia sahihi kwamba ameacha kiwanja, ili picha zisitoke, amekwisha kuingia katika kosa zito la yule anayemlazimisha. Hata kama mahari inadaiwa kwa haki, kuna njia za kuidai. Kutishia kumwanika mtu si mojawapo. Tena, sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kumsumbua mtu kwa ujumbe wa simu na intaneti.

Kuhusu ukimwi, sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda watu wanaoishi na virusi. Kama siri ilitoka kwa muuguzi na kumfikia mume wa zamani, muuguzi naye anajibu: siri ya kazi iko katika kifungu cha 73.

Nchini Kenya, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mrembo aliyevuliwa taji la Miss World Kenya baada ya picha zake za uchi kupelekwa kwa waandalizi. Mahakama ilimhukumu aliyekuwa mchumba wake kulipa shilingi milioni 1. Kwetu, mlango wa malipo ni kifungu cha 258 cha sheria ya kiraia: aliyesababisha hasara kwa kosa lake, alipe.

Sasa, kushitaki wapi? Tangu état de siège ya tarehe 6 Mei 2021, kesi za makosa katika Kivu ya Kaskazini zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi. Tangu Goma ianguke mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, njia ya kwenda huko imekufa kwa watu wengi, na huduma za jimbo zilihamia Beni. Ndiyo maana wengine wanakimbilia wenye bunduki wa karibu. Wao wanakata kesi siku hiyo hiyo, kwa kamba na amende. Lakini siri uliyoogopa mtu mmoja aitoe, sasa wanaijua kikosi kizima, na kesho watakuja kuidai bei yao.

Wazee wa familia au mchungaji wanaweza kumtuliza mtu, na mara nyingi wanaweza. Hawahitaji kuambiwa siri. Inatosha kusema: "Ananitisha, anataka hiki." Hata mbele ya polisi au avoka, shitaka ni juu ya tisho na juu ya kile kinachodaiwa. Mahakamani, Katiba inaruhusu, kwa kifungu cha 20, kesi isikilizwe milango imefungwa ikiwa adabu inadai hivyo.

Sauti za WhatsApp zisifutwe, hata kama zinachoma moyo. Zitumwe kwenye simu ya mtu wa kuaminika, na ujumbe upigwe picha kwa simu nyingine, namba na tarehe zikionekana. Pesa zisilipwe: anayelipa mara ya kwanza ataombwa tena. Na mashtaka yaandikwe upesi, kwa nakala mbili, moja irudi na tarehe na muhuri, kwa sababu kosa la kifungu cha 74 likipita mwaka mmoja bila kushughulikiwa, linakufa mbele ya sheria.